Historia ya Tiba ya Kuteketeza Uvimbe wa Ini Mahali Ulipo: Ukubwa wa Uvimbe, Chombo cha Tiba na Swali la Afrika Mashariki

Utangulizi

Maandiko mengi ya kitabibu yanayosimulia chimbuko la tiba ya kuteketeza uvimbe wa ini huanzia mwaka 1891. Mwaka huo mwanafiziolojia wa Ufaransa, Arsène d'Arsonval, alionyesha kwamba umeme unaogeuka mwelekeo zaidi ya mara 10,000 kwa sekunde unaweza kupita katika mwili wa kiumbe hai bila kuishtua misuli. Kutoka hapo msomaji hupelekwa Boston, ambako tarehe 1 Oktoba 1926 Harvey Cushing alitumia katika chumba cha upasuaji kifaa cha umeme kilichobuniwa na William Bovie. Kisha husogezwa hadi mwaka 1990, pale John McGahan na wenzake huko California, na Sandro Rossi na wenzake huko Italia, kila kundi kwa upande wake, walipochapisha majaribio ya kuunguza ini la wanyama kwa sindano inayopitisha umeme wa masafa ya redio.

Nasaba hii haina uongo. Hata majaribio ya McGahan yalitokana waziwazi na kifaa cha umeme cha wapasuaji. Kasoro yake ni kwamba ni nasaba ya chombo peke yake. Haielezi kwa nini umeme uliokwisha kuzoeleka katika vyumba vya upasuaji tangu miaka ya 1920 ulisubiri zaidi ya nusu karne kabla ya kupelekwa ndani ya ini kupitia ngozini. Wala haielezi kwa nini, ulipofika, ulikuta nafasi yake imekwisha kutayarishwa na kitu cha bei rahisi mno, yaani alkoholi.

Hoja inayotetewa katika insha hii ni kwamba tiba ya uteketezaji ilizaliwa pale uvimbe mdogo wa ini ulipoanza kuonekana kabla mgonjwa hajahisi chochote. Chombo cha kuuteketeza kilifuata baadaye, na kimebadilika mara kadhaa bila kuubadili ukweli huo. Suala hili si la wanahistoria pekee. Hospitali za Afrika Mashariki zimeanza kuijenga taaluma ya tiba radiolojia, na namna tunavyoisoma historia hii ndiyo itakayoamua kama tutaanza kwa kununua mashine au kwa kumtafuta mgonjwa.

Neno "uteketezaji" linatumika hapa kwa maana ya kuuangamiza uvimbe hapo hapo ulipo, ndani ya ini, bila kuukata na kuutoa. Limependelewa kuliko "uunguzaji" kwa sababu alkoholi haiunguzi, na barafu vilevile.

Uvimbe mdogo kabla ya sindano

Hadi miaka ya 1960 saratani inayoanzia kwenye ini ilikuwa ugonjwa wa dakika za mwisho. Ilitambuliwa kwa tumbo kujaa, kwa maumivu ya ubavu wa kulia, kwa mgonjwa kukonda. Mlango wa kwanza wa kuitambua mapema ulifunguliwa na maabara. Mwaka 1963 Garri Abelev na wenzake huko Moscow waligundua kwamba panya wenye saratani ya ini walikuwa na protini ya kijusi, alfafetoprotini, katika damu yao. Mwaka uliofuata Yuri Tatarinov aliikuta protini hiyo kwa binadamu mwenye ugonjwa huo. Tangu hapo ikawezekana, angalau kwa sehemu ya wagonjwa, kuishuku saratani kwa kupima damu.

China iliutumia ugunduzi huo kwa upana kuliko nchi nyingine. Katika miaka ya 1970 watu wengi walipimwa damu katika wilaya ya Qidong, karibu na mlango wa mto Yangtze, eneo lililojulikana kwa wingi wa saratani ya ini. Miongoni mwao walipatikana watu wenye uvimbe ambao hawakuwa na dalili yoyote. Kutokana na kazi ya aina hiyo, Tang Zhaoyou na wenzake wa Shanghai walianza kuizungumzia "saratani ndogo ya ini" kama hali yenye hatima yake, tofauti na ile iliyokuwa imezoeleka. Ni katika mji huo huo, kuanzia mwaka 1973, ambako Zhou Xinda alianza kuugandisha kwa naitrojeni ya kimiminika uvimbe ambao haukuweza kukatwa. Wazo la kuua saratani kwa baridi lilikuwa la kale zaidi: tabibu Mwingereza James Arnott alitumia mchanganyiko wa barafu na chumvi katikati ya karne ya 19 dhidi ya saratani zilizo karibu na uso wa mwili. Lakini ini liko ndani, na ugandishaji wa Shanghai ulihitaji tumbo kufunguliwa. Mgonjwa asiyeweza kuhimili kisu hakufaidika nao.

Inafaa kukumbuka kwamba katika miaka hiyo hiyo Afrika Mashariki haikuwa kando ya sayansi ya ugonjwa huu. Mwaka 1971 ulichapishwa utafiti wa Alpert, Hutt, Wogan na Davidson uliolinganisha kiasi cha sumukuvu katika vyakula vya Uganda na wingi wa saratani ya ini nchini humo. Mwaka 1973 Peers na Linsell walichapisha utafiti wa namna hiyo kutoka wilaya ya Murang'a, Kenya. Tafiti hizi mbili zimo katika misingi ya kile ambacho dunia nzima inakijua kuhusu sumukuvu na ini. Tofauti na Qidong ni kwamba zilikusanya sampuli za chakula na hesabu za wagonjwa. Hazikuacha nyuma yake utaratibu wa kuwarudia watu wenye afya na kuwapima tena. Kwa kifupi, eneo letu lilichangia maarifa ya chanzo cha ugonjwa, wakati Asia ya Mashariki ikijenga mbinu ya kuuona ukiwa mdogo.

Chiba na Vimercate

Mbinu hiyo ilikamilishwa na picha za ultrasaundi, na hasa zile zinazoonyesha viungo vikisogea wakati uleule daktari anapovitazama. Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, kilikuwa na sifa mbili zilizokutana kwa wakati mwafaka. Kwanza, madaktari wake walikuwa na uzoefu wa kulichoma ini kwa sindano nyembamba. Kundi la Okuda Kunio lilieleza mwaka 1974 jinsi ya kuzipiga picha njia za nyongo kwa sindano ambayo hadi leo inaitwa kwa jina la Chiba. Pili, kundi la Ohto Masao lilikuwa likitumia ultrasaundi kuiongoza sindano hadi mahali palipokusudiwa. Daktari aliyeweza kufika kwenye uvimbe wa sentimita mbili ili kuchukua kipande cha uchunguzi alikuwa amebakiza hatua moja tu, nayo ni kuacha kitu huko kabla ya kutoka.

Mwaka 1983 Sugiura na wenzake wa Chiba walichapisha kwa Kijapani taarifa ya kudunga ethanoli ndani ya uvimbe wa ini. Ethanoli hunyonya maji ya chembe hai, huharibu protini zake na kuziba mishipa midogo ya damu inayoulisha uvimbe. Mafanikio yake yalisaidiwa na hali ya ini lenyewe. Wagonjwa wengi wa Japani walikuwa na sirosisi, yaani ini lililojaa makovu na kuwa gumu, na wengi wao, kama ilivyofahamika baada ya virusi vya homa ya ini aina ya C kutambuliwa mwaka 1989, walikuwa wameambukizwa virusi hivyo. Saratani inayoota katika ini la namna hiyo aghalabu ni laini na ina ganda linaloizunguka. Alkoholi iliyodungwa humo ilizuiwa isitoke na ugumu wa ini lililouzunguka uvimbe. Saratani iliyosambaa kutoka kwenye utumbo mpana hadi kwenye ini ina hali iliyo kinyume: uvimbe wake ni mgumu kuliko ini linaouzunguka, na alkoholi haikuenea vizuri ndani yake.

Ugumu huo huo wa ini ndio uliowafanya wagonjwa hawa wasifae kwa upasuaji. Ini lenye sirosisi likikatwa, kinachobaki huenda kisitoshe kumweka mtu hai. Kwa hiyo alkoholi haikuanza kwa kushindana na kisu. Ilianza kwa watu ambao kisu kilikuwa kimewakataa.

Nchini Italia, ambako sirosisi ilikuwa imeenea pia, Tito Livraghi wa hospitali ya Vimercate, karibu na Milan, aliichukua njia hiyo na kuchapisha matokeo yake ya kwanza mwaka 1986. Kufikia mwaka 1995 yeye na wenzake waliweza kutoa taarifa ya wagonjwa 746. Kati ya waliokuwa na uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5 na ini ambalo bado lilifanya kazi vizuri, asilimia 47 walikuwa hai baada ya miaka 5. Kwa waliokuwa na ini lililochoka kabisa, hakuna aliyefika miaka hiyo. Takwimu hizi zilitokana na kuwafuatilia waliotibiwa, si na kuwagawa wagonjwa kwa kura, hivyo hazikuweza kuthibitisha peke yake kiasi cha maisha kilicholetwa na sindano. Hata hivyo zilieleza jambo ambalo historia ya chombo hulipita haraka: hatima ya mgonjwa iliandikwa kwa kiasi kikubwa na ukubwa wa uvimbe na hali ya ini siku alipolala kitandani, kabla alkoholi haijamgusa.

Umeme unaipokea kazi

Upungufu wa alkoholi ulijulikana na wale wale walioitumia. Mgonjwa alihitaji kurudi mara nyingi. Kimiminika hakikuenea sawasawa pale uvimbe ulipokuwa na kuta ndani yake, na hakikuziua chembe za saratani zilizokuwa nje ya ganda. Joto halizuiwi na kuta hizo. Umeme wa masafa ya redio huzitikisa ayoni katika nyama iliyo karibu na ncha ya sindano hadi nyama hiyo ipate joto. Protini huganda karibu mara moja joto linapofika nyuzi 60. Joto likizidi nyuzi 100, nyama hukauka na kuwa mkaa, umeme hushindwa kupita, na kazi husimama. Kwa sababu hiyo ubunifu wa miaka ya 1990 ulikuwa ni wa kuizuia sindano isiunguze kupita kiasi: sindano zilizopozwa kwa maji yanayozunguka ndani yake, alizozishughulikia Nahum Goldberg na wenzake, na sindano za Robert LeVeen zinazochanua kama mbavu za mwavuli baada ya kuingia.

Mwaka 1999 Livraghi, yule yule aliyeieneza alkoholi barani Ulaya, alichapisha ulinganisho uliotajwa mara nyingi sana baadaye. Kwa umeme, uvimbe 47 kati ya 52 uliteketea wote, yaani asilimia 90. Kwa alkoholi ni 48 kati ya 60, yaani asilimia 80. Wastani wa mahudhurio ulikuwa 1.2 kwa umeme na 4.8 kwa alkoholi. Kwa maoni ya mtafiti, tarakimu mbili za mwisho ndizo zilizokuwa na uzito zaidi katika kuibadili desturi ya hospitali kuliko tofauti ya asilimia kumi. Madhara, ambayo hunukuliwa mara chache, yalitokea upande wa umeme.

Suala la madhara lilikuja kuzusha mjadala mkali. Mwaka 2001 Josep Maria Llovet na wenzake wa Barcelona walieleza kwamba kati ya wagonjwa 32 waliotibiwa kwa umeme, 4 walipatikana na mbegu za saratani katika njia iliyopitwa na sindano. Hiyo ni asilimia 12.5, kiwango ambacho kingetosha kuifunga tiba hii kwa mtu anayeweza kupasuliwa au kupandikizwa ini. Miaka miwili baadaye ikatoka taarifa ya pamoja ya vituo 41 vya Italia: wagonjwa 2,320, vifo 6, na mbegu za saratani kwa asilimia 0.5 tu. Haifai kuusoma ubishi huu kama kwamba kundi kubwa lililishinda dogo. Wagonjwa wa Barcelona waliopata janga hilo walikuwa na uvimbe uliokaa juu juu ya ini au wenye chembe zilizoharibika zaidi, na hilo lilikuwa onyo la kweli. Mafundi wa sindano walijifunza kuupitia kwanza ukanda wa ini zima kabla ya kuufikia uvimbe, na kuiunguza njia wakati wa kutoka. Kiwango kidogo cha madhara kilichopatikana katika taarifa nyingi za baadaye ni sehemu ya urithi wa wagonjwa wale wanne.

Hukumu dhidi ya alkoholi ilitoka Tokyo. Mwaka 2005 Shiina Shuichiro na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 232 waliogawanywa kwa kura. Baada ya miaka 4, asilimia 74 ya waliopata umeme walikuwa hai, dhidi ya asilimia 57 ya waliopata alkoholi. Matokeo ya namna hii yaliirudisha alkoholi nyuma, ikabaki kwa uvimbe uliokaa mahali ambapo joto ni hatari. Mikrowevu, ambayo Seki na wenzake wa Japani walikwisha kuipitisha kwenye ngozi mwaka 1994, iliingia baadaye kama mshindani wa umeme wa redio, kwa sifa ya kuhimili vizuri zaidi ubaridi unaoletwa na damu ya mishipa mikubwa iliyo jirani.

Sentimita tatu

Katika mabadiliko yote hayo, mpaka mmoja haukuhama sana. Mwaka 2000 kundi la Livraghi lilijaribu umeme kwa uvimbe wa sentimita 3.1 hadi 9.5: ulioteketea wote ulikuwa asilimia 47.6. Mwaka 2008 Livraghi na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 218 wenye uvimbe mmoja usiozidi sentimita 2: asilimia 97.2 walibaki bila dalili ya saratani mahali palipotibiwa. Tiba ni ya aina moja na mtafiti kiongozi ni mmoja; kilichotofautiana mno ni kipenyo.

Sababu yake ni ya hesabu kabla ya kuwa ya tiba. Ili kuwa na uhakika, daktari hulenga kuua pia ukanda wa takriban sentimita moja wa ini linalouzunguka uvimbe. Uvimbe wa sentimita 3 unamdai ateketeze tufe la sentimita 5, lenye ujazo wa kama sentimita za ujazo 65. Uvimbe wa sentimita 5 unadai tufe la sentimita 7, na ujazo unafika 180. Sentimita mbili za nyongeza zinakaribia kuifanya kazi iwe mara tatu.

Hata ubishi kuhusu kama uteketezaji unaweza kuchukua nafasi ya upasuaji unarudi hapo hapo. Jaribio la Chen Minshan na wenzake wa Guangzhou, mwaka 2006, kwa wagonjwa 180 wenye uvimbe usiozidi sentimita 5, halikuona tofauti ya maisha kati ya njia hizo mbili. Jaribio jingine la China la mwaka 2010, la Huang na wenzake kwa wagonjwa 230, liliupa upasuaji ushindi. Anayenukuu moja na kuliacha jingine anatafuta wakili, hatafuti ushahidi.

Swali la Afrika Mashariki

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti mkubwa uliokusanya wagonjwa wa saratani ya ini kutoka nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Tanzania na Uganda. Nje ya Misri, umri wa kati wa wagonjwa ulikuwa miaka 46, na muda wa kati wa kuishi baada ya kugunduliwa ulikuwa miezi 2.5. Kwa Misri, yenye mpango mpana wa kufuatilia watu wenye homa ya ini aina ya C, ilikuwa miaka 58 na miezi 10.9. Mgonjwa wa miaka 46 mwenye miezi miwili na nusu ya kuishi hafanani na wagonjwa wa Vimercate wala wa Tokyo. Anafanana na wagonjwa wa kabla ya Abelev.

Tangu mwaka 2018 mafunzo ya tiba radiolojia yameanza kuota mizizi katika Hospitali ya Taifa Muhimbili kwa ushirikiano wa wataalamu wa ndani na wa nje, na hiyo ni hatua kubwa, kwani mkono unaoiongoza sindano haununuliwi dukani. Lakini mkono huo ukikabidhiwa uvimbe wa sentimita 10, historia iliyoelezwa hapo juu imekwisha kutaja jibu lake.

Alkoholi nayo inastahili kusikilizwa upya. Ilishindwa katika shindano ambalo washindani wote wawili walikuwa ndani ya hospitali moja ya Tokyo, na mgonjwa alikuwa na uhakika wa kupata kimojawapo. Pale ambapo chaguo lililopo ni kati ya alkoholi na kutopata chochote, jaribio la mwaka 2005 halitoi hukumu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wamekuwa wakijaribu kwa wanyama, katika taarifa zilizoanza kutoka mwaka 2017, kuichanganya ethanoli na selulosi ya ethili ili igande kama jeli na isitoroke nje ya uvimbe, wakizilenga nchi zenye uhaba wa vifaa. Hata hivyo alkoholi, kwa jeli au bila jeli, hudai uvimbe mdogo kuliko hata umeme unavyodai. Urahisi wa bei hauondoi sharti la kuona mapema.

Sharti hilo lina ushahidi wake. Huko Shanghai watu 18,816 wenye maambukizi ya homa ya ini aina ya B au historia ya ugonjwa sugu wa ini waligawanywa kwa kura. Kundi moja liliitwa kila miezi sita kupimwa alfafetoprotini na ultrasaundi, jingine likaachwa na huduma ya kawaida. Kwa mujibu wa taarifa ya mwaka 2004 ya Zhang, Yang na Tang, vifo vya saratani ya ini vilipungua kwa asilimia 37 katika kundi lililoitwa, ingawa walioitikia wito huo hawakufika asilimia 60. Vifaa vilivyotumika ni kipimo cha damu na mashine ya ultrasaundi, si zaidi.

Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini aina ya B katika chanjo za watoto mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo ndio watakaojaza wodi za saratani ya ini kwa miongo kadhaa ijayo, na baadhi yao wanatambulika tayari, kwa kuwa damu inayotolewa katika vituo vya damu salama hupimwa virusi hivyo. Mtu mzima anayejulishwa kituoni hapo kwamba damu yake haikufaa kwa sababu ya homa ya ini ndiye mwenye sura iliyo karibu zaidi na wale waliosajiliwa Shanghai, na daftari la kwanza la ufuatiliaji lingeweza kuanza kwa jina lake.